Mashua Ambayo Mama Hakuruhusiwa Kuipanda

Wiki iliyopita jirani yangu alichemsha lami kwenye debe ili azibe paa la banda lake la kuku. Moshi ulipovuka ua na kuingia jikoni kwangu, niliacha sufuria motoni nikatoka nje nikiwa na hasira, na sikujua mara moja hasira ile ilikuwa ya nini. Jirani hakuwa amenikosea. Ilinibidi niketi nirudi nyuma hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni, ndipo nikafika ilikotoka: ufuoni Kisumu, asubuhi na mapema, mashua ya kijani iliyonuka lami mbichi, na mama yangu amesimama nchi kavu akitazama fedha zake zikielea.

Nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu jambo hili limesimuliwa kwa miaka mingi katika ukoo wetu, na limesimuliwa vibaya.

Tulikaa Usenge, kando ya ziwa. Mama alinunua ngege kutoka kwa wavuvi, akawabanika kwa moshi, akawapeleka Kisumu kwa basi. Samaki bora walitoka visiwani, lakini mashua zilizowaleta zilikwenda kwa makasia na tanga, na upepo ukikataa, samaki walifika matumbo yamelegea. Waliosalia wazima waligawanywa na wenye mashua kwa marafiki zao kwanza. Mama alikuwa mgeni pale. Aliolewa kutoka Gem, bara, na mpaka anazeeka watu walimwita Nyar Gem, binti wa Gem, kana kwamba kila walipomwita walitaka kumkumbusha kwamba hakuzaliwa akiona maji.

Miaka michache baada ya ziwa kufurika na kumeza njia ya ufuoni, mama aliamua kununua mashua yenye injini. Si mpya, kwani mpya ilikuwa ya matajiri na misheni. Alitaka iliyotumika, yenye injini ya kufungwa nyuma, ambayo angewaajiri vijana wawili waiendeshe, iende visiwani alfajiri na kurudi kabla jua halijakomaa. Aliuza mtamba wake, na ulipopungukiwa mfuko aliuza cherehani. Cherehani ile ndiyo iliyotulisha mwezi ambao samaki walikosekana. Nilikuwa katika darasa la pili, na hata mimi nilielewa: mashua ikiwa mbovu, hakuna pa kurudi.

Baba alifanya kazi mbali na alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Alimjibu mama kwa barua fupi: fanya unavyoona vema, lakini nenda na Otieno. Otieno alikuwa mdogo wake, na kwa desturi yetu nami nilimwita baba. Alikuwa mtu wa maneno mazuri, mvuvi aliyejua mitumbwi, na hakuwahi kumiliki injini hata ya kusagia.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kumchukua Otieno. Kwa wavuvi wetu, mwanamke hakanyagi ndani ya mashua. Angeweza kuinunua kwa fedha zake, angeweza kuipikia mafuta ya kulainishia mbao, angeweza kulisha kila mtu aliyefanya kazi ndani yake, lakini mguu wake ukiingia, samaki hukimbia na mashua huzama. Sikuambiwa haya kama imani ya watu fulani. Niliambiwa kama nilivyoambiwa kwamba moto huunguza. Nilipokuwa mdogo nilidhani ziwa lina macho chini, na kwamba linawajua wanawake kwa nyayo zao.

Tulifika Kisumu Ijumaa, tukalala kwa dada yake mama kule Manyatta. Jioni ileile tulionyeshwa mashua mbili. Ya kwanza ilikuwa juu ya magogo, nchi kavu, kijivu kama mfupa. Ilikuwa imekaa juani miezi kadhaa, na kati ya ubao na ubao mwanga ulipenya. Otieno alicheka akaipiga teke. Mama aliinama, akapitisha ukucha kwenye nyufa, akasema polepole, "Kinu kikikaa juani hupasuka hivi. Ukikiloweka siku mbili, kinajifunga chenyewe."

"Nyar Gem," Otieno akasema, "hapa hatutwangi mahindi."

Ya pili ndiyo ilikuwa ya kijani. Ilielea majini, imefungwa kwa kamba kwenye jiwe, inang'aa. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mnene mwenye kofia ya pama, aliyejulikana ufuoni pale kama Mzee Oloo. Hakuisifu sana. Alisimama tu kando yake na mikono nyuma, kama baba wa bibi harusi. Alisema twende asubuhi tuijaribu.

Asubuhi ile Otieno alitoka mapema kabla hajanywa chochote, na mama akanipa birika la uji nimpelekee, yeye akiwa bado anaoga. Nililijua lile eneo kwa harufu ya lami. Nilipotokeza kwenye mafunjo niliwaona Otieno na Mzee Oloo, wote wawili ndani ya mashua ya kijani, suruali zimekunjwa magotini. Mbao za sakafu zilikuwa zimeegeshwa pembeni. Kila mmoja alikuwa na kopo kubwa. Waliinama, wakachota, wakamwaga ziwani. Wakainama, wakachota, wakamwaga. Hawakuongea.

Babu yangu, kila alipopewa kinywaji, alimwaga kidogo chini kabla ya kuonja, kwa ajili ya wale waliotutangulia. Nilikuwa nimelelewa nikiona hivyo. Basi nilipowaona watu wazima wawili wakilimwagia ziwa maji, alfajiri, kimya, nilijua ninachotazama. Walikuwa wanaliomba ziwa liipokee mashua ya mama. Nilishikwa na heshima kubwa. Niliketi nyuma ya mafunjo na birika mapajani nikaanza kuhesabu makopo, kama nilivyohesabu kila kitu wakati ule. Nilifika mia moja na arobaini hivi nikapoteza hesabu, na walikuwa bado wanaendelea.

Otieno aliponiona, uso wake ulibadilika. Akaweka kidole mdomoni.

"Umekaa hapo tangu lini?"

"Sasa hivi, baba."

"Haya si ya watoto wa kike. Ukimwambia mama yako, utaharibu kila kitu. Umesikia?"

Nilisikia. Niliogopa kuharibu. Nilimpa uji, nikarudi njiani kumlaki mama, na sikusema neno. Nimeishi na ukimya ule muda mrefu kuliko nilivyoishi na ndoa yangu.

Mama alipofika, mbao za sakafu zilikuwa zimerudishwa mahali pake, zimekauka juu, na suruali zimeshushwa. Aliizunguka mashua kwa upande wa nchi kavu. Halafu akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya injini.

"Mzee, injini hii mbona ina joto na bado hamjaiwasha?"

"Ni jua hilo, mama."

"Jua gani la saa moja asubuhi?"

"Jua la Kisumu. Kwani huko Gem jua linaamka saa ngapi?"

Wanaume wengine wawili waliokuwa wakishona nyavu karibu walicheka. Otieno naye alicheka, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Toa mkono, Nyar Gem. Watu wanaona."

Mama aliutoa. "Nataka kuingia dakika moja tu, nifunue hizi mbao nione chini."

"Yawa! Unataka tufe?"

"Shemeji, meli inayotoka pale gatini inabeba wanawake kila wiki. Mbona haizami?"

"Ile ni ya serikali."

"Kumbe ziwa linaogopa serikali?"

Mzee Oloo alicheka hadi akakohoa. "Otieno, huyu mama ana mdomo. Mnunulie mashua haraka kabla hajanunua ziwa lenyewe."

Basi mama akamwagiza Otieno. Nakumbuka maneno yake neno kwa neno, kwa sababu yalikuwa maagizo sahihi, na nimekutana na mafundi wenye vyeti wasioweza kuyatoa kwa usahihi huo: mkifika mbali zimeni injini, mkae kimya kidogo, ufunue mbao za katikati na za nyuma, uingize mkono mpaka uguse mti wa chini, halafu uje uniambie. Otieno alisema ataangalia. Walikwenda, wakapiga duara kubwa kwa kelele na povu, wakarudi. Injini haikuzimwa hata mara moja. Kutoka ufuoni hata mtoto aliona hakuna aliyeinama.

"Umeangalia?"

"Nimeangalia. Kavu kama kiberiti."

Mama alimtazama miguuni, palipolowa. Akamgeukia Mzee Oloo. "Naomba ilale majini mpaka kesho asubuhi, mtu asiiguse. Nikija kesho nikaikuta hivi, nalipa."

"Mama, saa sita anakuja mtu kutoka Homa Bay. Ana fedha taslimu. Mimi nawapenda nyinyi tu kwa sababu ya huyu kijana."

"Nyar Gem, unatuaibisha," akasema Otieno. "Mwanamume ameshasema mashua ni nzima. Unataka nani mwingine aseme?"

Mama akalipa. Nilimwona akifungua fundo la leso, na nilifurahi, kwa sababu mimi peke yangu miongoni mwa wanawake wote wa dunia nilijua kwamba ziwa limeshaombwa.

Sikuwahi kwenda shule ya ufundi. Ninayoyajua kuhusu mashua niliyasoma mwenyewe ukubwani, katika vitabu vya kuazima, na kwa kuwauliza mafundi maswali hadi wakanichoka. Kwa hiyo naweza kusema leo, bila kubahatisha, mama alikuwa sahihi katika kila jambo. Mashua ya mbao iliyokaa nchi kavu huvuja siku za kwanza, kisha mbao hunywa maji, hufura na kufungana. Ile ya kijivu ilinunuliwa na mtu wa kusafirisha mchanga na ikafanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Mashua iliyopakwa rangi na lami wiki ya kuuzwa ndiyo ya kuogopa. Injini lazima uikute baridi, kwa sababu injini iliyochoka huwaka kwa urahisi ikishapashwa moto mapema, mnunuzi akiwa bado amelala. Na jaribio la mashua si mbio za dakika kumi. Ni kuiacha imefungwa usiku mzima na kurudi kupima maji ndani. Mwanamke kutoka bara, aliyejifunza kwa kinu na kwa kutumia akili yake, aliyataja yote hayo pale ufuoni, mbele ya wanaume wanne wa ziwa. Walichomjibu ni kicheko.

Otieno na vijana wawili waliileta mashua Usenge kwa maji. Ilikuwa safari ya siku mbili. Walifika mikono imevimba hadi viwikoni, kijana mmoja hawezi kushika kikombe. Mama aliuliza kuna nini. "Mawimbi," Otieno akasema. "Yalikuwa yanaingia juu." Waliivuta karibu na mawe, wakaifungua injini wakaileta nyumbani, maana injini haiachwi ufuoni penye wezi.

Asubuhi ya tatu mtoto wa jirani alikuja mbio. Tulipofika, pua ya kijani ilikuwa imetokeza juu ya maji kama kichwa cha kiboko, na sehemu yote iliyobaki ilikuwa chini. Haikuwa imebeba hata samaki mmoja.

Watu walijaa. Wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwa letu, walisimama na vikapu vyao. Nilisubiri mtu amkasirikie Mzee Oloo. Hakuna aliyemtaja. Mzee mmoja wa ufuoni aliuliza jambo moja tu: "Nani aliigusa?"

Otieno akajibu, "Nilimwambia asiiguse. Aliweka mkono kwenye injini. Watu wa Kisumu ni mashahidi."

Likapita neno kati ya watu, kama upepo kwenye mafunjo: Nyar Gem aliigusa. Nyar Gem aliigusa. Mama alikuwa amekaza taya, na kwa mara ya kwanza maishani niliona kwamba mama yangu anaweza kuanguka. Hapo ndipo nilipotokwa na machozi na maneno pamoja. Nilimvuta nguo nikamwambia si yeye, haiwezekani awe yeye, kwa sababu Baba Otieno na yule mzee waliliomba ziwa vizuri sana, walimwaga maji makopo zaidi ya mia.

"Walimwaga maji gani?"

"Ya ndani ya mashua. Asubuhi, kabla hujafika. Chini ya mbao."

Alinitazama. Akanishika mabega. "Mwanangu, mashua ilikuwa imejaa maji. Walikuwa wanayatoa. Basi."

"Si sadaka?"

"Si sadaka."

Sijui kueleza nilichohisi vizuri zaidi ya hivi: kitu kilichokuwa kikubwa na kitakatifu kilisinyaa ghafla kikawa kopo.

Mama alijifunga leso kiunoni akaingia majini. Mzee wa ufuoni akapaza sauti, "Wewe mama! Usiipande hiyo mashua!"

Akageuka, maji yamemfika mapajani. "Mzee, mnasema mguu wangu unazamisha mashua. Hii imeshazama. Itazama kwenda wapi tena?"

Mwanamke mmoja mwenye omena alicheka kwa sauti, akaziba mdomo. Mama aliingia. Hakuna kilichotokea. Alishika ubao wa sakafu akaung'oa, akautupa nje, akang'oa wa pili. Akazamisha mkono hadi begani na kuanza kutoa vitu, akivitupa kwenye mawe kimoja kimoja: vipande vya gunia, pamba iliyopakwa lami, udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na sabuni, na ukanda mrefu wa mpira wa baiskeli. Mwishoni alitoa kipande cha ubao wenyewe, kimeoza, akakibonyeza kwa kidole gumba mbele ya watu na kikatoa maji kama ndizi mbivu.

Kisha akamwita Otieno kwa jina, bila kumwita shemeji. "Ulikuwa unajua. Ulipewa nini?"

"Sikupewa kitu! Naapa, hata soda sikupewa."

Nimechunguza jambo hilo ukubwani, kwa watu waliokuwepo, na nimeridhika kwamba alisema kweli. Hakupewa kitu. Mama naye alimwamini, na ndiyo maana akauliza tena, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Sasa kwa nini?"

Otieno alijibu kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Nilimkuta anatoa maji. Akaniambia, omera, ndugu yangu, nishikie kopo. Mzee wa umri ule. Ningefunuaje mbao zake mbele ya mwanamke? Ningemwaibisha."

Hakuna mwanamume aliyemcheka. Baadhi yao waliitikia kwa kichwa.

Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kuliko udanganyifu wenyewe. Mwizi anaiba kwa sababu anataka kitu, na unaweza kumwelewa. Huyu alitupa mtamba wa mama, cherehani ya mama, na chakula changu mimi mtoto wa kaka yake, ili mzee asiyemjua asitahayari kwa dakika moja. Na aliona amefanya adabu. Shauri lilipofika kwa naibu wa chifu, Mzee Oloo aliitwa, akaja na kofia yake, akasema mashua ilijaribiwa na mwanamume wa familia na akaridhika. Naibu akamuuliza mama kama yeye mwenyewe aliijaribu. Akasema hakuruhusiwa. Basi, akaambiwa, huna ushahidi kwamba ilikuwa inavuja. Yale magunia yangeweza kuwekwa na yeyote.

Katika ukoo wetu bado inasemwa kwamba Nyar Gem alizamisha mashua kwa kiganja. Juzi tu, kwenye matanga, kijana wa chuo alinisimulia hadithi hiyo kwa kicheko, bila kujua nilikuwepo.

Injini ilibaki. Fundi mmoja aliifungua, akabadilisha kilichochakaa, na mama aliikodisha kwa wenye mashua nzima, siku kwa siku, misimu kadhaa ya mvua. Hatukula vizuri. Nilikosa shule muhula mzima. Hatimaye akasikia kuna mashua inauzwa upande wa pili wa ghuba, na safari hii hakumwambia mtu isipokuwa mimi.

Tuliikuta majini, mwenyewe amekaa juu ya jiwe anatafuna muwa. Alisimama akaanza kusema maneno yanayosemwa kwa mwanamke anayesogelea mashua. Mama alikuwa ameshakunja nguo. Aliingia kwa mguu wa kulia, mashua ikayumba kidogo, ikatulia. Akafunua mbao zote, kuanzia mbele, akiziweka moja juu ya nyingine, akapitisha mkono chini, akanusa vidole. Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye matope, nyayo zimenata, nikilitazama ziwa.

"Ingia," akaniambia. "Kaa huku nyuma, nione inainama kiasi gani."

Mwenye mashua aliacha kutafuna. "Mama, kwani mwanamume wako yuko wapi?"

Mama alininyooshea mkono, akanivuta ndani.

"Taja bei," akamwambia.